Hijama Nachingwea na Ruangwa: Sunna, Wembe na Dhamana

Mkulima wa Nachingwea aliyeamka na mgongo uliokakamaa baada ya kupalilia ufuta, au mama wa Ruangwa ambaye kichwa kimemgonga wiki nzima, ana milango kadhaa ya kubisha. Kuna zahanati ya kijiji na duka la dawa. Kuna mganga wa mitishamba. Kuna mwalimu wa madrasa anayemsomea mgonjwa dua au kumwandikia kombe kwa zafarani. Na kuna hijama: ngozi inavutwa kwa kikombe, inachanjwa juujuu kwa wembe, kisha kikombe kinabandikwa tena mpaka damu itoke. Wazee wengi waliijua tiba hii kwa jina la kuumika au kupiga chuku. Vijana wanaiita hijama, nao wanaisema kwa fahari, kwa kuwa jina hilo limetoka katika hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie.

Mjadala juu yake mara nyingi huishia kwenye swali moja: ni tiba ya kweli au si ya kweli? Anayeitetea hutaja hadithi, anayeipinga hutaja hospitali, na kila mmoja huondoka na alilokuja nalo. Swali hilo ni jembamba mno. Mgonjwa anahitaji kujua zaidi ya hapo: nani ashike wembe, kwa ujuzi gani, kwa maradhi yapi, na nani atawajibika mambo yakiharibika. Uislamu wenyewe uliyajibu maswali hayo zamani, kwa maneno yaliyo wazi. Tatizo ni kwamba majibu hayo husikika kwa nadra, ilhali sifa za tiba husikika kila siku.

Pembe iliyotangulia

Kutoa damu kwa kuvuta ni jambo kongwe kuliko Uislamu. Mafunjo ya Ebers ya Misri, yaliyoandikwa karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, yanalitaja. Wagiriki wa zama za Hippocrates walilitumia, na nchini China tabibu Ge Hong aliliandika katika karne ya 4. Wafini waliumikana ndani ya sauna zao kwa karne nyingi. Waarabu nao walikuwa na waumikaji wao kabla ya Mtume kuzaliwa. Kwa hiyo Mtume hakubuni hijama. Aliikuta kwa watu wake, akaitumia, akaisifu, na akaiwekea adabu.

Huku kwetu pembe ya kuumikia ilijulikana pwani na bara, kwa Waislamu na wasio Waislamu. Ilikuwa pembe ya ng'ombe au ya mbuzi iliyotobolewa nchani. Mpiga chuku aliibandika penye maumivu, akavuta hewa kwa mdomo, kisha akaziba tundu kwa nta. Alijifunza kazi hiyo kwa mzazi au mjomba, na watu walimjua tangu utoto wake. Kijiji kilijua nani ana mkono mwepesi na nani wa kuepukwa.

Uislamu ulienea katika vijiji vya Nachingwea na Ruangwa, wilaya za mkoa wa Lindi, baadaye kuliko pwani. Mwanahistoria Felicitas Becker, katika kitabu chake cha 2008 kuhusu watu wa kusini-mashariki mwa Tanzania walivyosilimu, anaonyesha kwamba vijiji vya Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde viliipokea dini hiyo kwa wingi katika miongo iliyofuata Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Waliowafikishia hawakuwa majeshi wala serikali. Walikuwa walimu wadogo wadogo, wafanyabiashara, na wanakijiji wenyewe waliokwenda pwani wakarudi na elimu. Mwalimu wa aina hiyo alisomesha watoto, aliongoza mazishi, na mara nyingi ndiye aliyeombwa dawa. Dini na tiba ziliingia kijijini kwa mlango mmoja.

Tiba ya hospitali ilipita mlango mwingine. Misheni ya Kianglikana ilifika Masasi mwaka 1876, na Wabenediktini wakajenga Ndanda mwaka 1906. Huko, na baadaye katika vituo kama Nyangao na Mnero, ndiko watu wengi wa eneo hili walikoonana na daktari kwa mara ya kwanza. Vituo hivyo viliokoa maisha ya watu wa dini zote, na vinaendelea kuokoa. Lakini kwa muda mrefu hospitali ilisimama kivulini mwa kanisa, na madrasa ikasimama upande wa pili wa barabara. Historia hiyo haitoshi kueleza kwa nini mtu anachagua hijama leo, ila inasaidia kuona kwa nini Mwislamu wa Nachingwea hufurahi kusikia kwamba dini yake nayo ina tiba, tena tiba yenye sanadi.

Kilichopokewa, na kilichosahauliwa

Hadithi za hijama si chache wala si dhaifu zote. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume alitaja shifaa katika mambo matatu: kunywa asali, chale za muumikaji, na kuchoma kwa moto, ila kuchoma akakukataza kwa umma wake. Kwa Anas bin Malik imepokewa kwamba hijama ni miongoni mwa matibabu bora. Imepokewa pia kwamba Mtume aliumikwa kichwani kwa sababu ya maumivu ya kichwa akiwa katika ihramu. Mwislamu anayesema hijama ina asili katika Sunna anasema kweli, na mhudumu wa afya anayemcheka anajifungia mwenyewe mlango wa kumshauri.

Lakini Sunna hiyohiyo ina mengine. Mtume aliumikwa na Abu Tayba, mtu aliyejulikana kwa kazi hiyo, akamlipa chakula na kuwaomba mabwana zake wampunguzie kodi. Ummu Salama, mkewe Mtume, alipotaka kuumikwa aliomba ruhusa, na aliyeagizwa kumhudumia ni huyohuyo Abu Tayba; mpokezi wa hadithi akaona inampasa kueleza kwamba alikuwa ndugu yake wa kunyonya au kijana ambaye hajabaleghe. Ubayy bin Ka'ab alipougua, Mtume alimpelekea tabibu. Na Sa'ad bin Abi Waqqas aliposhikwa na maumivu ya kifua, kama alivyopokea Abu Daud, alielekezwa kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa sababu al-Harith alikuwa mjuzi wa tiba. Mwenendo unaoonekana katika habari hizi ni mmoja: mgonjwa hupelekwa kwa anayejua.

Hadithi iliyo nzito kuliko zote kwa mada hii hutajwa mara chache. Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kwamba mtu anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu ana dhamana, yaani madhara yatakayompata mgonjwa yatakuwa juu yake. Wanachuoni wa fiqhi walijenga juu ya hadithi hii mlango mzima wa sheria. Tabibu mjuzi aliyefuata kanuni za kazi yake na kupewa ruhusa na mgonjwa hatozwi kwa yaliyo nje ya uwezo wake. Asiye mjuzi hutozwa, hata akiwa na nia njema, hata akiwa amesoma Bismillahi kabla ya kugusa wembe. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350 na ambaye maandishi yake kuhusu tiba ya Mtume ndiyo yanayonukuliwa zaidi na watoa hijama wa leo, aliichambua dhamana hii kwa kirefu. Anayemtaja Ibn al-Qayyim katika fadhila za hijama amtaje pia katika dhamana.

Wanachuoni hawakuwa na sauti moja kuhusu nafasi ya tiba katika dini. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, aliona kwamba tiba zilizomo katika hadithi ni sehemu ya desturi za Waarabu wa wakati ule, si wahyi, kwa kuwa Mtume alitumwa kufundisha sheria. Anayezitumia kwa imani na baraka anaweza kunufaika, lakini hazilazimishi. Ibn al-Qayyim alizipa uzito mkubwa zaidi, ila naye alisisitiza kwamba dawa hutofautiana kwa mtu, umri, hali ya hewa na ugonjwa. Kati ya wawili hawa hakuna aliyesema kwamba kikombe kimoja kinamfaa kila mgonjwa.

Masuala mengine ya fiqhi huibuka kila mwaka. Je, hijama inabatilisha saumu? Imepokewa hadithi kwamba muumikaji na muumikwa wote wamefungua, na imepokewa kwamba Mtume aliumikwa akiwa amefunga. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Lindi na pwani yote, yanasema saumu haibatiliki. Hanbali wanasema inabatilika. Na siku je? Zimepokewa tarehe 17, 19 na 21 za mwezi mwandamo, na wengi huzingoja. Lakini Ibn al-Qayyim mwenyewe anaeleza kwamba tarehe hizo ni za kujikinga; maradhi yakishika, mtu huumikwa wakati wowote panapohitajika. Suala hili lina uzito wa kiafya. Watu wengi wakikusanyika siku moja kwa mtoa hijama mmoja, vikombe huzunguka haraka, maji ya kuoshea huchafuka, na mkono uliochoka huacha kubadilisha glavu.

Dawa inayokubaliwa na pande zote

Ruangwa ina sababu yake ya pekee ya kuipenda hijama. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2006 kwenye jarida la African Affairs, Becker alieleza mvutano aliouona huko baina ya Waislamu wa mwelekeo wa Ansar Sunna na wale wa mila za tarika na mashekhe wa kale. Walivutana juu ya mambo yaliyogusa kila nyumba: namna ya kuzika, uhalali wa maulidi na dhikiri, na nani hasa mwenye haki ya kusema kwa jina la dini.

Katika mvutano kama huo, tiba nazo huingia kwenye mizani. Kombe na hirizi, ambazo kizazi kimoja kilizihesabu kuwa elimu ya Kiislamu, kizazi kingine huziita bidaa, na wengine huziita shirki. Kupunga majini hukosolewa zaidi. Hijama hupita katikati ya ugomvi huu bila kukwaruzwa. Kijana aliyesoma kwa Ansar huipenda kwa kuwa ina hadithi sahihi na haihitaji hirizi wala uvumba. Mzee wa tarika huipenda kwa kuwa babu yake alipiga chuku na hakuna aliyewahi kumkataza. Ni miongoni mwa tiba chache ambazo pande zote mbili zinaweza kukaa mkeka mmoja na kukubaliana.

Hilo ni jambo jema kwa amani ya msikiti, lakini lina hatari yake. Jambo ambalo ndani ya msikiti hakuna anayelipinga hukosa anayelichunguza. Mashekhe wakishindana juu ya maulidi, kila upande huleta vitabu na hoja, na waumini hujifunza kupima. Kwenye hijama hakuna mashindano, hivyo hakuna anayeuliza mtoa hijama amejifunza wapi. Neno Sunna hugeuka kuwa leseni.

Hatari hiyo imekua kwa sababu njia ya kujifunza imebadilika. Pembe ilidai miaka ya kukaa karibu na fundi. Leo vikombe vya plastiki vyenye pampu ya mkono huuzwa vikiwa seti kamili ndani ya mfuko, na video za kufundishia zimo ndani ya simu. Mtu mwenye nia njema anaweza kuanza kazi Ijumaa baada ya seti kufika Alhamisi. Na msimu wa malipo ya ufuta au korosho unapofika, fedha huingia mikononi, na wauza tiba za kila aina hujua njia ya kufika minadani na magulioni. Fundi wa zamani aliishi na matokeo ya kazi yake. Jeraha likioza, alikutana nalo kisimani na msikitini. Anayepita na kuondoka hakutani nalo.

Damu chafu

Maelezo yanayotolewa kwa mgonjwa huwa ni haya: mwili una damu chafu iliyoganda sehemu fulani, nayo ikitolewa mtu hupona. Ushahidi unaoonyeshwa ni ile damu nzito, nyeusi, inayotetema kikombeni kama ini. Mgonjwa akiiona huamini kwamba ugonjwa wake umetoka mbele ya macho yake.

Maelezo hayo yana ukoo wa heshima. Yametokana na elimu ya tabia nne iliyoandikwa na tabibu Galen, ikaendelezwa na Ibn Sina katika kitabu chake Qanun, na ikatawala tiba ya Waislamu na ya Wazungu kwa zaidi ya miaka 1,000. Lakini elimu iliendelea mbele, na Waislamu walikuwamo katika kuiendeleza. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alieleza jinsi damu inavyopita kutoka moyoni kwenda mapafuni na kurudi, akimpinga Galen waziwazi. William Harvey wa Uingereza alikamilisha picha ya mzunguko mzima mwaka 1628. Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu, na moyo uliopumzika husukuma karibu kiasi hichohicho kila dakika. Hakuna kona ya mgongo ambako damu hukaa ikichafuka kwa miaka. Damu ya kikombeni ni nzito kwa sababu damu yoyote ikitoka kwenye mishipa na kukaa huganda, na ni nyeusi kwa sababu ina oksijeni kidogo. Kazi ya kusafisha damu hufanywa na ini na figo, usiku na mchana.

Kusema hivi si kuivunja hadithi. Hadithi ilitaja shifaa. Haikufundisha nadharia ya damu chafu. Nadharia hiyo ni maelezo ya wanadamu wa zama fulani, na maelezo ya wanadamu hurekebishwa. Mwislamu anaweza kuiacha nadharia ya Galen bila kuacha neno hata moja la Mtume wake.

Nini kimethibitika

Utafiti upo, tena mwingi, lakini ubora wake haulingani na wingi wake. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2012 katika jarida la PLoS ONE yalikusanya majaribio 135, mengi yakiwa ya China. Waandishi waliona dalili za manufaa kwa baadhi ya maradhi, hasa pale tiba hii ilipoungana na matibabu mengine, lakini walitahadharisha kwamba majaribio mengi yalifanywa kwa namna inayoweza kupotosha matokeo. Eneo lenye matumaini zaidi ni maumivu: shingo, mabega, mgongo wa chini. Hapo ndipo mkulima wa mikorosho, anayebeba pampu ya kupulizia dawa na kuinama kuokota korosho, anapoweza kusema amepata nafuu, na hakuna sababu ya kumbishia.

Hata hivyo nafuu hiyo ina maswali. Jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 2016, lililohusu watu 141 wenye maumivu sugu ya mwili mzima, lililinganisha kikombe cha kweli kisichochanja na kikombe cha bandia kisichovuta sawasawa. Waliopata kikombe cha kweli walipata nafuu kuliko wale walioendelea na matibabu yao ya kawaida, lakini hawakuwazidi kwa kiasi cha maana waliopata cha bandia. Sehemu ya nafuu hutoka kwa kuguswa, kusikilizwa na kutarajia kupona. Hilo si jambo la kudharau. Ni ukumbusho pia kwa zahanati ambako mgonjwa hupewa vidonge bila kutazamwa usoni.

Kwa shinikizo la damu, utafiti wa Saudi Arabia wa 2015 wenye watu 80 unafaa kukaririwa kila mahali hijama inapotolewa. Baada ya wiki 4 shinikizo la juu lilikuwa limeshuka kwa waliofanyiwa hijama kuliko kwa wasiofanyiwa. Baada ya wiki 8 tofauti hiyo haikuonekana tena. Tukilichukua kama lilivyo, tokeo hilo linamaanisha kwamba mtu anayeacha vidonge vya presha kwa kuwa alipimwa wiki mbili baada ya hijama akakutwa vizuri, anaweza kuwa amejenga juu ya mchanga. Presha haipigi kelele. Hurudi kimya, na hujitangaza kwa kiharusi.

Hatari zenye majina

Hatari ya kwanza ni maambukizi. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku zisizopungua 7 vikiwa bado na uwezo wa kuambukiza, hata katika tone la damu lililokauka ambalo jicho halilioni. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote wachanga dhidi ya homa hiyo mwaka 2002, kwa hiyo watu wazima wengi wanaofika kwa mtoa hijama walizaliwa kabla ya kinga hiyo. Wembe mpya kwa kila mtu ni lazima, lakini hautoshi. Kikombe kilichojaa damu ya mtu mmoja kisha kikasuuzwa kwa sabuni na kubandikwa kwa mwingine kinatosha kuambukiza. Pampu inayofyonza hewa nayo huvuta chembe za damu. Kikombe cha hijama ya kuchanja ni cha mtu mmoja, mara moja, kisha kiharibiwe, na wembe uende kwenye sanduku la vifaa vyenye ncha kali, usitupwe jalalani ambako watoto hucheza.

Hatari ya pili ni ya kwetu zaidi. Mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara, ni miongoni mwa maeneo ya nchi yanayobeba mzigo mkubwa wa malaria. Kimelea cha malaria huvunja chembe nyekundu za damu. Minyoo ya safura hunyonya damu utumbo ukiwa kimya. Utafiti wa kitaifa wa 2015 hadi 2016 ulikuta kwamba karibu wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Na inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Sasa mtazame mama anayelalamika kizunguzungu, uchovu na kichwa kuuma. Kwa mtoa hijama asiye na elimu, hizo ni dalili za damu chafu. Kwa anayejua, hizo zinaweza kuwa dalili za damu pungufu, na kumtoa damu mtu aliyepungukiwa ni kumwongezea ugonjwa. Hijama ilisifiwa na matabibu wa Hijazi na wa Baghdad kwa watu wenye damu nyingi, na wao wenyewe walionya juu ya kumtoa damu mdhaifu. Kuihamishia tiba hiyo katika nchi ya malaria bila kupima damu kwanza ni kuacha nusu ya elimu yao.

Kwa hiyo mjamzito, mtoto mdogo, mzee aliyedhoofu, mwenye selimundu, mwenye kisukari chenye vidonda visivyopona, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hawastahili kuchanjwa bila daktari kujua.

Hatari ya tatu ni kuchelewa. Homa kali ya mtoto, degedege, uvimbe kwenye titi, kifua kinachobana, nusu ya mwili iliyokufa ganzi: haya hayangoji tarehe 17. Kusini inakumbuka gharama ya kuiamini dawa kupita uwezo wake. Mwaka 1905 Wamwera waliingia katika Vita vya Maji Maji, na wengi wa wapiganaji walikuwa na imani kwamba maji waliyopewa yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Ujasiri wao ulikuwa wa kweli na madai yao ya haki yalikuwa ya kweli. Dawa haikuwa na uwezo uliodaiwa. Walioumia zaidi walikuwa wale walioiamini kwa moyo wote, na njaa iliyofuata iliwala hata wasioingia vitani.

Sheria ipo

Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, namba 23 ya mwaka 2002, iliyounda Baraza la kusajili waganga, wasaidizi wao, vituo na dawa. Halmashauri zina waratibu wa tiba asili. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ilianzishwa mwaka 1974 na imefanya kazi ya kupima mitishamba kwa miongo mitano. Saudi Arabia, nchi ambayo Waislamu wengi huitazama kwa mambo ya Sunna, haikuiacha hijama mikononi mwa kila mtu. Inataka leseni kwa mtoaji na kwa kituo. Hakuna aliyesema kwamba Wasaudi wameipinga Sunna kwa kufanya hivyo.

Kwa Nachingwea na Ruangwa, yafaayo kufanywa hayahitaji fedha nyingi. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri anaweza kuwaita watoa hijama wote, wanaume kwa wanawake, akawaorodhesha bila vitisho na kuwasaidia kusajiliwa. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kutoa mafunzo ya siku chache kuhusu usafi wa vifaa, utupaji wa taka zenye damu, kupima shinikizo, na dalili ambazo mgonjwa akizionyesha lazima apewe rufaa. Kipimo cha wingi wa damu kitangulie wembe. Vikombe vya mtu mmoja viingizwe katika bei, na bei iandikwe ukutani. Wanawake wafunzwe ili wawahudumie wanawake, kama adabu ya hadithi ya Ummu Salama inavyoelekeza. Na kwenye zahanati, mhudumu amwulize mgonjwa bila kumkaripia kama amefanya hijama, kwa sababu mficha maradhi kilio humuumbua, na mgonjwa huficha pale anapojua atachekwa.

Lakini kazi kubwa zaidi iko kwa maimamu, wa Bakwata, wa Ansar na wa tarika kwa pamoja. Wao ndio wenye sikio la mgonjwa kabla ya daktari. Hijama imewapa jambo ambalo hawagombani juu yake, basi walitumie. Kila anayepanda mimbari akaisoma hadithi ya asali na chale za muumikaji, aisome pale pale na hadithi ya dhamana. Waumini wafundishwe maswali manne ya kumuuliza mtoa hijama kabla ya kuvua shati: umejifunza kwa nani, umesajiliwa wapi, kikombe hiki kimetumiwa na nani, na nikizidiwa utanipeleka wapi. Anayejua kazi yake hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika ameshajibu.

Hijama haihitaji kutetewa kwa kuzidishiwa sifa. Kwa mgongo uliochoka na shingo iliyokaza, mikononi mwa mtu safi aliyefunzwa, kwa mgonjwa aliyepimwa, inaweza kubaki kuwa nafuu halali na sehemu ya urithi wa Waislamu wa kusini. Kinachoishushia hadhi ni wembe wa asiyejua na ahadi ya kuponya kila kitu. Kudai elimu, usafi na uwajibikaji kwa anayeitoa ni kuifuata Sunna ya hijama kwa ukamilifu wake.